Shauri la kufutiwa leseni Hawaii: namna ya kuhakikisha ndugu na jamaa wanaingia kusikiliza

Ukikamatwa Hawaii kwa kuendesha gari ukiwa umelewa, mambo mawili huanza kwa mpigo: kesi ya jinai mahakamani, na shauri la kiutawala kuhusu leseni yako. Hili la pili liko mikononi mwa ofisi ijulikanayo kama ADLRO, yaani ofisi ya kufuta leseni za udereva kiutawala, iliyo chini ya Mahakama ya jimbo. Hakuna jaji wala mwendesha mashtaka. Afisa mmoja anasikiliza, anapima ushahidi na kuamua, mara nyingi katika chumba kidogo. Kwa sababu hiyo hasa, macho ya watu wa nje yana thamani kubwa hapo.

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Hawaii ilikutana na swali la wageni kutakiwa kujiandikisha na kuonyesha kitambulisho kabla ya kuingia kwenye mashauri haya. Msimamo wa kushika ni huu: dereva ana haki ya kusikilizwa hadharani. Usiende ukiomba hisani.

Anza na tarehe, kwa kuwa shauri lisiloombwa kwa wakati halisikilizwi kabisa. Notisi ya kufutiwa leseni unayopewa na polisi hupitiwa na ofisi bila wewe kuomba, na uamuzi wa mapitio hutumwa kwa posta ndani ya siku 8 tangu notisi itolewe kama jambo ni pombe. Ukitaka kusikilizwa, omba ndani ya siku 6 tangu uamuzi huo *utumwe*. Wengi huhesabu tangu siku barua ilipowafikia, wakachelewa. Usikilizaji wenyewe hupangwa ndani ya siku 25 tangu notisi itolewe kwa mambo ya pombe, au 39 kwa dawa za kulevya. Ukihitaji kumhoji askari aliyekukamata, taarifa yako ya maandishi ifike angalau siku 5 kabla, ili atolewe samansi. Usipofanya hivyo, maelezo yake ya kiapo yatapokelewa na yeye hatakuwapo. Na kama Kiingereza chako si cha kutosha mbele ya afisa, omba mkalimani katika barua hiyo hiyo.

Barua hiyo pia iwe na aya fupi kuhusu wasikilizaji. Taja idadi ya watu watakaokuja, omba chumba kinachowatosha, kisha uliza kwa maandishi masharti ya mlangoni ni yapi na yanatoka kwenye kanuni gani. Huna haja ya kutaja majina yao. Jibu likija, hifadhi. Lisipokuja, hifadhi nakala ya barua na uthibitisho kwamba ulituma.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo walinzi huyachanganya. Kupekua mifuko na kukagua silaha kunamlinda kila aliye ndani, na hakuhitaji kujua mtu ni nani. Waambie wageni wako wakubali bila ubishi, na visu vya mfukoni vibaki nyumbani. Kuandikwa jina na kuonyesha kitambulisho ni jambo jingine. Kunaacha kumbukumbu ya nani alihudhuria. Mtu asiye na kitambulisho, au mhamiaji anayeogopa jina lake kubaki kwenye daftari la serikali, atageuza njia kimyakimya, na shauri litakuwa limefungwa bila amri yoyote ya kulifunga. Kwa maoni yangu, anayeweka sharti la namna hiyo ndiye anayepaswa kueleza hatari anayoizuia.

Siku yenyewe, fikeni mapema kwa nusu saa hivi. Mgeni akizuiwa, asigombane. Aandike saa, maneno aliyoambiwa na alichoombwa, kisha akupe karatasi. Wewe ingia. Hili nalisisitiza: dereva akiondoka kwa hasira kwa sababu dada yake amezuiwa, huhesabiwa kuwa hakufika, na uamuzi wa mapitio unasimama kama ulivyo.

Ukiwa ndani, subiri kinasa sauti kiwashwe, kisha useme kabla ushahidi haujaanza. Maneno kama haya yanatosha: "Ninapinga shauri hili kuendelea wakati mtu aliyekuja kusikiliza amezuiwa mlangoni kwa kukosa kitambulisho. Ninaomba aingie. Kama haruhusiwi, ninaomba sababu itajwe kwenye rekodi, na nafasi ya kuleta ushahidi kwamba sharti hili halihitajiki." Omba karatasi ya mgeni ipokelewe kama kielelezo. Afisa akikataa, taja kwa sauti kilichoandikwa humo, kisha endelea na hoja zako nyingine: je, polisi walikuwa na sababu ya kukusimamisha, walikuwa na msingi wa kuamini umelewa, na ushahidi unathibitisha kwamba uliendesha ukiwa umelewa au ulikataa kupimwa?

Mtu mmoja anaweza kuzuiwa kihalali bila wewe kulalamika: shahidi. Kama rafiki yako atatoa ushahidi, kumtoa nje hadi zamu yake ni kawaida. Basi usimtegemee awe msikilizaji wako pekee.

Sababu ya kuhangaikia rekodi ni kwamba ukishindwa, una siku 30 tangu uamuzi utumwe kuomba mahakama iupitie, na jaji hapokei ushahidi mpya. Anasoma kilichonaswa na kilichowasilishwa, basi. Mgeni aliyezuiwa bila neno kwenye rekodi, kwa jaji ni mtu ambaye hakuwahi kuja. Kufungua maombi hayo peke yake hakusimamishi kufutwa kwa leseni, kwa hiyo panga usafiri wako mapema na usishike usukani ukisubiri jibu la mahakama.