Tambi za Mchana Karibu na Mwanjelwa

Kwa wenzangu mnaofanya kazi maeneo ya Kabwe na Mafiati jijini Mbeya, mkichoshwa na wali maharage wa kila siku, ingieni vichochoro vya jirani na Soko la Mwanjelwa, ambako mwezi uliopita nilimkuta mama lishe anayepika tambi kwa mchuzi wa nyama, karoti na pilipili hoho. Kilichonivutia ni kwamba hazichemshi asubuhi na kuziacha ndani ya hotipoti, kwa kuwa tambi zilizokwisha kuiva huendelea kufyonza maji, hulainika kupita kiasi na hatimaye hushikamana zikawa bonge moja. Yeye huzitumbukiza sufuriani mteja anapoagiza. Kwa hiyo msiende dakika za mwisho: Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifikia nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na tambi huchukua muda mrefu kuliko ule ulioandikwa kwenye pakiti. Mimi hutoka ofisini saa sita na nusu, kabla ya foleni, na huomba ndimu pembeni, maana pilipili yake, kusema kweli, imenishinda.