Jaribio la kwanza la posdoki: kugawana umeme wa vituo vya maziwa bila mratibu

Anayeanza posdoki (utafiti wa baada ya shahada ya uzamivu) katika uboreshaji wa kihisabati na kujifunza kwa mashine huvutwa haraka na mambo makubwa: maelfu ya nodi, mitandao ya neva, data ya miaka kumi. Anza na tatizo dogo ambalo jibu lake unalipata kwa kalamu na karatasi. Bila jibu hilo huwezi kujua kilichoharibika ni algorithimu au ni mawasiliano, na kwenye uamuzi uliogawanyika, yaani unaofanywa na wengi bila kituo kikuu, mara nyingi ni mawasiliano.

Chukua mfano wa vituo vitano vya kukusanyia maziwa kwenye mji mdogo wa Kiruhura, Uganda, vyote kwenye transfoma moja inayoweza kuvipa kilowati 30 tu. Ukubwa wa mahitaji hupatikana kwa fizikia ya kawaida: kushusha lita 2,000 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi 4 ni kuondoa joto la karibu kWh 70. Kipozeo chenye ufanisi wa 2.5 (kinaondoa kWh 2.5 za joto kwa kila kWh 1 ya umeme) kitakula takriban kWh 28 za umeme, yaani zaidi kidogo ya kilowati 9 mfululizo kama kazi itatakiwa kuisha kwa saa tatu.

Weka maombi ya vituo kuwa kilowati 12, 10, 8, 8 na 6. Jumla ni 44, kwa hiyo 14 lazima zikatwe. Kila kituo kinapata hasara ya (a/2)(d − x)², ambapo d ni ombi, x ni kinachopewa, na a ni uzito. Weka uzito 1, 1, 2, 2 na 4. Cha mwisho ndicho chenye maziwa yaliyokaa muda mrefu bila kupozwa. Sasa toza bei moja kwa wote, tuiite λ. Kila kituo kinajibu peke yake: x = d − λ/a, kisishuke chini ya sifuri. Jumla ya 1/a ni 3.25, hivyo λ = 14 ÷ 3.25 = 4.31, na mgao ni 7.69, 5.69, 5.85, 5.85 na 4.92. Bandika namba hizi ukutani. Kila programu utakayoandika iangukie hapo, na uzihakiki pia kwa CVXPY, maktaba ya Python ya uboreshaji, kabla ya kuendelea.

Hatua inayofuata ni kuitafuta bei kwa duru: λ mpya = λ + α(jumla ya x − 30), isiwe hasi; α ni ukubwa wa hatua. Ukianzia λ = 0 na α = 0.1, kosa linazidishwa kwa 0.675 kila duru, na unafika ndani ya 0.01 ya jibu kwa duru 16. Kikomo cha α ni 2 ÷ 3.25, yaani 0.615. Jaribu 0.7 makusudi uone kinachotokea: bei inaruka kutoka 0 hadi 9.8, inarudi 0, inarudi 9.8, bila kikomo. Kwenye transfoma maana yake ni vituo kuvuta kilowati 44, kisha 12.15, kisha 44 tena. Grafu ya namna hiyo ukiiona kwenye kazi yako ya baadaye, punguza α kabla ya kugusa kitu kingine.

Hata α ikiwa nzuri, ukianzia λ = 0 duru ya kwanza inaruhusu kilowati 44 na fyuzi hazisubiri algorithimu itulie. Anzia juu: kwa λ = 24 vituo vyote vinavuta sifuri, na kwa α = 0.1 bei inashuka taratibu bila vituo kuvuka kilowati 30 hata duru moja. Makala nyingi hupima jibu la mwisho tu. Wewe ripoti pia ukiukaji mkubwa kabisa uliotokea njiani.

Sasa ondoa mratibu, yaani yule anayejumlisha x zote na kutangaza bei. Kila kituo kinabaki na nakala yake ya λ na kinaongea na majirani tu. Kwa kuwastanisha, tumia uzito wa Metropolis (si ule uzito a): kati ya jirani i na j ni 1 ÷ (1 + idadi kubwa zaidi ya majirani kati ya wawili hao), na kinachobaki ni chako mwenyewe. Kwa kuwa hakuna anayeiona jumla, kila kituo kinabeba pia y, makadirio ya pengo yanayochukua nafasi ya (jumla ya x − 30) kwenye kusasisha λ, kikianza na x − 6, kwa sababu 30 ÷ 5 ni 6. Kila duru wastanisha λ na y na majirani, kisha ongeza kwenye y badiliko la x yako. Ukaguzi wake ni mmoja na haukosei: jumla ya y zote lazima iwe sawa na jumla ya x kutoa 30, kila duru. Ikipishana, kuna hitilafu kwenye programu au ujumbe umepotea. Rudia kuchagua α hapa, ukianzia chini sana; kikomo cha 0.615 hakitumiki hapa.

Umbo la mtandao lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Vituo vitano vikipangwa mstari, thamani eigeni ya pili ya matriki ya uzito wa Metropolis (ikikaribia 1, makubaliano yanachelewa) ni 0.873, na kupunguza tofauti kati ya nakala za vituo hadi asilimia 1 kunahitaji duru 34. Ongeza kiungo kimoja tu kati ya cha kwanza na cha mwisho, upate duara: thamani inashuka hadi 0.539 na duru zinakuwa 8. Kabla ya kubuni algorithimu mpya, uliza kama laini moja ya simu haitamaliza tatizo.

Kisha poteza ujumbe makusudi, asilimia 10 kwa kuanzia. Kosa la kawaida ni kituo kutumia thamani yake mwenyewe pale jirani asipojibu. Kama jirani aliupokea ujumbe wako nawe hukuupokea wake, wastani unahama na hakuna duru zitakazourudisha. Ama hesabu mabadilishano yaliyothibitishwa pande zote mbili tu, ama tumia push-sum, njia ya kuwastanisha kwa ujumbe wa upande mmoja, yenye hesabu limbikizi.

Kujifunza kwa mashine kunaingia kwenye d, maana ombi la kesho halijulikani. Gawa data kwa tarehe, usiichanganye: funza kwa msimu mmoja, pima kwa mwingine, kwa kuwa maziwa ya miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hayafanani na ya kiangazi. Linganisha na utabiri wa "kama jana". Usipoushinda, hakuna cha kuandika. Ukifunza modeli kwa pamoja huku data ikibaki vituoni, punguza hatua za kufunza ndani ya kila kituo kabla ya kuwastanisha, la sivyo kila kituo kitaivuta modeli kwake. Na pima hasara ya mgao uliotokana na utabiri, sio kosa la utabiri peke yake: kukosea kilowati 1 kwenye kituo chenye uzito 4 kunauma mara nne ya kwenye kituo chenye uzito 1.

Kwenye kompyuta mpakato michakato mitano, mmoja kwa kila kituo, inatosha. Hifadhi hali kila duru 50, umeme ukikatika usianze upya. Rudia kwa mbegu 20 tofauti za namba nasibu na uripoti idadi ya ujumbe na baiti, maana duru moja ya mstari hubeba ujumbe 8 na ya duara 10.

Data halisi ya ushirika ina majina na simu za wafugaji, kwa hiyo sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data inakuhusu. Yafute majina kituoni kabla faili halijatoka, na anza mapema maombi ya kamati ya maadili na usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda, huku ukiendelea na data ya kutunga.