Jinsi ya kuomba kibali cha kusasisha ajenti kwenye kompyuta zote za shirika

Shirika likiwa na makao Kampala na matawi Arua, Gulu na Mbarara, fundi hawezi kuzunguka na flashi kila toleo jipya linapotoka. Ajenti, ile programu ndogo inayokaa ndani ya kila kompyuta na kuripoti kwenye seva, lazima ijisasishe yenyewe. Lakini usiruhusu hilo kabla ya kupata kibali cha maandishi. Ajenti ya usalama ina mamlaka makubwa kwenye mashine, na ikikosea, kazi ya watu inasimama.

Anza na orodha. Itoe kwenye seva, si kwenye rejesta ya mali ya ofisi: jina la kompyuta, tawi, mfumo endeshi, toleo la ajenti, na siku iliyoonekana mara ya mwisho. Zile ambazo hazijaonekana kwa wiki tatu ziandike kando. Zenye Windows 10 nazo ziwekee alama, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kisha angalia seva. Kwa Wazuh, kwa mfano, ambayo ni programu huria ya usalama yenye seva na ajenti, toleo la seva halipaswi kuwa nyuma ya toleo la ajenti. Ikiwa liko nyuma, ombi la seva litangulie, na nakala rudufu ichukuliwe kwanza.

Sasa jaza fomu ya ombi la mabadiliko. Andika kwa namna ambayo mhasibu ataelewa: "Naomba kusasisha ajenti ya Wazuh kwenye kompyuta 64, kutoka toleo 4.7 hadi 4.9. Kundi la kwanza ni kompyuta 5 za TEHAMA, la pili ni tawi la Mbarara, la tatu ni zilizobaki. Kati ya kundi na kundi tutasubiri siku tatu za kazi."

Kuna sehemu moja ambayo waombaji wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke. Toleo la ajenti ni kitu kimoja. Faili za maudhui ambazo ajenti huzipokea ili itambue mashambulizi mapya ni kitu kingine. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilisambaza faili la maudhui lenye kasoro kwa ajenti zake. Liliondolewa saa 2:27, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Waliokuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma hawakusalimika, kwa sababu kilichobadilika hakikuwa toleo. Kwa hiyo omba vibali viwili, na ueleze kila kimoja kitapitia makundi gani.

Jambo la kurudi nyuma lipe aya yake. Taja nani ataondoa toleo jipya, kifurushi cha zamani kimehifadhiwa wapi, na funguo za BitLocker, ile sehemu ya Windows inayofunga diski kwa siri, ziko wapi nje ya kompyuta hizo. Siku ile ya Julai, mafundi wengi walikwama mbele ya skrini inayodai ufunguo, nao ufunguo uko kwenye seva ambayo pia imezima.

Saa na bando vinahitaji hesabu. Katika ofisi moja niliyofanya kazi zamani, masasisho yaliachiwa Jumatatu asubuhi. Tawi lilikuwa likitumia rauta ya bando. Kufikia saa nne bando lilikuwa limekwisha, na akina mama waliokuja kuandikishwa walikaa barazani hadi jioni. Kifurushi cha MB 300 kwa kompyuta 12 ni GB 3.6, kwa hiyo iandike hesabu hiyo kwenye fomu na uombe fedha zake. Kompyuta za wahasibu zisiguswe wiki ya mishahara. Usiku unafaa, mradi tawi lina umeme na wafanyakazi wameambiwa wasizime mashine.

Ikiwa ajenti inatuma taarifa za watu kwenye seva iliyo nje ya Uganda, sema hivyo wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalidai shirika liweke ulinzi wa kutosha, hivyo afisa wa data naye atie sahihi, pamoja na mkuu wa TEHAMA na mkuu wa idara itakayoguswa.

Kundi la mwisho likimaliza, toa orodha upya kwenye seva, iambatishe kwenye fomu ileile, na uandike majina ya kompyuta zilizobaki nyuma pamoja na mtu atakayezifuata.