Kabla hujanunua kiwanja, uliza kwa nini pamebaki wazi

Dalali akikupeleka mahali karibu na mjini, tambarare, pametulia, na bei iko chini kuliko mitaa ya jirani, usianze kujadili bei. Jiulize kwanza: kama watu wamejaa pande zote, hapa katikati pamebaki wazi kwa nini? Waliotangulia hawakukaa walipokaa kwa bahati. Walifuata maji, udongo mzuri, bandari, reli na njia panda, na kuna sehemu walizozikwepa kwa makusudi. Pengo lililobaki lina sababu yake. Itafute kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Sababu hizo ni za aina mbili: zipo zinazoondoka na zipo zisizoondoka. Kigamboni inatazamana na katikati ya Dar es Salaam, mlango wa bandari tu ndio unaoitenga. Hata hivyo kwa miaka mingi ilikuwa na mashamba na minazi huku Kimara na Mbagala, zilizo mbali zaidi na mjini, zikifurika watu. Kilichowazuia wengi ni foleni ya pantoni. Daraja lilipofunguliwa Aprili 2016, kizuizi hicho kikapungua nguvu. Aliyenunua huko mapema alinunua pengo la aina inayozibika.

Linganisha na bonde la Msimbazi. Jangwani, iliyo ndani ya bonde hilo, ni mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Kariakoo. Kama ukaribu peke yake ungetosha, pangejaa maghorofa zamani. Lakini mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unalikata jiji, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakufikia wewe ambaye kwako halijadondoka tone. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulilihesabu bonde hilo kuwa eneo la hatari. Watu walijenga hata hivyo, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kibarua kilikuwa jirani, na siwezi kuwalaumu kwa hilo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa palepale Jangwani, nayo imefurika mara kwa mara. Usimsikilize anayekwambia kwamba lori tatu za kifusi zitamaliza tatizo.

Kwa hiyo nenda ukaone mwenyewe, na uende wakati wa masika. Agosti kila kiwanja ni kizuri. Tazama kuta za nyumba za jirani: je, kuna alama ya maji juu ya msingi? Vizingiti vya milango vimeinuliwa? Kuna mifuko ya mchanga imepangwa nyuma ya choo? Matete na udongo mweusi unaopasuka kiangazi vinakuonyesha maji yanapotuama. Kisha tafuta mtu asiye na faida katika biashara hiyo, mama wa genge au mzee aliyezaliwa hapo, umuulize mvua za El Nino za 1997 zilifikisha maji wapi. Jibu la swali hilo moja naliamini kuliko maelezo yote ya dalali. Usiishie kwenye kiwanja chenyewe. Panda upande maji yanakotoka, uone kama kuna kalavati linaloelekezwa kwako, au kama kuna mtu anajaza kifusi kwenye mkondo. Maji aliyoyazuia yeye yatatafuta njia nyingine.

Milimani hesabu inabadilika. Wachaga walijenga kwenye mikanda ya kati ya Kilimanjaro kwa sababu hapo mvua inatosha na maji ya vijito yanaweza kuongozwa kwa mifongo, yaani mifereji ya kienyeji, hadi kwenye migomba. Chini ni tambarare kavu, juu ni msitu. Nyumba zimetawanyika kwa kuwa kila kaya imekaa ndani ya kihamba chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na kihamba ni cha ukoo. Anayetaka kununua huko ahakikishe ndugu wote wameridhia, si yule mmoja tu anayehitaji fedha haraka. Halafu atazame makorongo. Korongo kavu lenye mawe makubwa ya mviringo ni njia ya maji hata kama wenyeji wanalitumia kama njia ya miguu. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, hadi mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Pengine unanunua kwa ajili ya biashara. Hapo jiulize ni nini hasa kinachowaleta watu, na kama kitu hicho kinaweza kuhama. Chalinze ilikua kwa sababu barabara ya Tanga na Arusha inakutana pale na ya Morogoro. Mabasi yakisimama, chakula kinauzwa. Lami ya Bagamoyo hadi Msata ilipokamilika, baadhi ya magari ya kaskazini yakapata njia ya kuikwepa. Ubungo nako, kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamia Mbezi mwaka 2021, wasafiri waliolisha vibanda vingi walihama nacho. Na hili si jipya: Bagamoyo yenyewe ilipoteza makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891 kwa kuwa meli kubwa zilihitaji kina na kinga ya bandari ya Dar es Salaam. Katika mji unaotegemea kitu kimoja, kodi duka kwanza kabla hujanunua.

Mji wa barabarani kama Chalinze huchukua umbo la mstari, kila mtu akitaka kuwa mbele, na mbele ndiko kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa hifadhi ya Barabara ya Morogoro pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wengine walikuwa wameishi hapo miaka mingi, wakiwa na umeme na maji. Kuunganishiwa umeme si ushahidi wa umiliki. Uliza ofisi ya barabara upana wa hifadhi katika kipande hicho, kwa sababu barabara hazilingani. Kwenye kingo za mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Pima kutoka ukingoni, usikadirie kwa macho.

Ukishajua yote hayo ndipo uende ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja, uangalie ramani ya mipango miji imepanga nini hapo. Eneo la wazi, shule na makaburi huuzwa pia na watu wasio waaminifu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi, ila muhuri wake hauchukui nafasi ya ramani. Na kama muuzaji anakuharakisha ulipe kabla mvua hazijaanza, mwambie utarudi Aprili.