Mbegu dirishani: mambo ya kuangalia kabla hujanunua pakiti

Kabla ya mbegu, lijue dirisha lako. Mtwara mjini tupo nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba linaelemea kaskazini. Miezi iliyobaki linahamia kusini. Dirisha linaloangalia kaskazini lina jua zuri mwezi Juni, lakini Desemba ni kivuli tu. Mimi nililijua hilo kwa hasara: miche ya nyanya niliyoiotesha Desemba ilirefuka kama nyuzi za cherehani, ikalala yote. Dirisha la mashariki ndilo la kutegemea mwaka mzima, kwa sababu jua la asubuhi haliunguzi. La magharibi ni tanuri kuanzia saa 9 alasiri. Tenga siku moja uhesabu saa ambazo jua linagusa ukingo wa dirisha. Zikiwa chini ya nne, achana na nyanya na hoho, otesha mchicha wa kuvuna ungali mchanga. Na wavu wa mbu uuoshe; vumbi lake linakula mwanga kuliko unavyodhani.

Halafu chumvi, ambayo sisi watu wa pwani tumeizoea hadi tunaisahau. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana munyu, na mche mchanga hauyavumilii kama mnazi. Yaonje. Ukiusikia munyu, kinga maji ya mvua au tumia ya kunywa, maana miche ya dirishani hainywi mengi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanalainisha udongo vizuri sana, ila nayo hubeba chumvi: yaloweke, yakamue, umwage maji, urudie mara mbili au tatu.

Udongo wa uani usiutie hivihivi. Una vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa unaokata mche shingoni, jioni umesimama, asubuhi umelala. Chekecha udongo, changanya na samadi iliyooza kabisa na mchanga wa mtoni (wa ufukweni, hapana), kisha umwagie maji yanayochemka na uache upoe. Harufu yake jikoni si ya kukaribisha wageni, fanyia nje.

Vyombo usinunue. Kifuu cha nazi kinatosha: chukua nusu yenye macho matatu, bonyeza kwa msumari, moja kati ya hayo ni laini na linatoboka bila nyundo. Hapo maji yana pa kutokea. Sahani ya chini imwage kila siku, usije ukafuga mbu chumbani.

Mbegu nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ambayo haijapita. Pakiti zilizoning'inia juani mlangoni mwa duka ziache. Joto huua mbegu kimyakimya. Ukiwa na shaka, funga mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi, weka juu ya kabati, hesabu zilizochipua. Mchicha hujibu ndani ya siku tatu hadi tano, nyanya wiki moja, hoho inaweza kukusubirisha wiki mbili. Zikitoka chini ya tano, panda kwa wingi zaidi au tupa. Saladi ndiyo msumbufu wa hapa: joto likipita nyuzi 30 mbegu zake hulala tu. Ngojea Juni au Julai, uzipande jioni ili usiku ule wa kwanza uwe wa baridi, na usizifukie, zinataka mwanga. Giligilani haipendi kuhamishwa, kwa hiyo ipande moja kwa moja kwenye chombo kitakachoilea. Kwa maua, anza na zinia au marigoldi, hazidekezi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni safari. Ukiotesha Oktoba na korosho za Tandahimba zikakuita wiki mbili, kifuu kinakauka kwa siku moja ya jua. Mtafute mtu kabla hujapanda. Mkabidhi chupa yenye matundu madogo kwenye kizibo, mwonyeshe kuchomeka kidole hadi pingili ya kwanza, na kikitoka kikavu ndipo anyunyize. Usimwambie tu "mwagilia". Atamimina jagi zima.