Kufuga nyumbani Mwanza: kibali, samadi na mizinga

Kabla ya mbao na misumari, tazama kiwanja chako kimeinamia wapi. Mwanza ni mji wa mawe: udongo mwembamba, maji hayazami. Ukiosha banda juu ya mlima, uchafu unamshukia jirani wa chini, na ukiwa Mabatini huishia mto Mirongo, kisha ziwani. Malalamiko mengi huanzia hapo.

Anza ofisi ya mtaa. Mtendaji atakuelekeza kwa afisa mifugo wa kata, na afisa afya aje akague eneo. Uliza sheria ndogo za halmashauri yako hasa; Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, Igoma iko Jiji la Mwanza, kwa hiyo usiazime masharti ya rafiki wa upande wa pili. Chukua kibali cha maandishi, maana ruhusa ya mdomo haikutetei jirani akishtaki. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha ng'ombe wanne, walishwe bandani. Walio pwani ya ziwa wakumbuke pia Sheria ya Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ziwani hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala inayoweza kuharibu mazingira. Pima kuanzia pale maji yanapofika ziwa likijaa, usipime kiangazi.

Sasa samadi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa kilo 20 hadi 30 za kinyesi kwa siku. Sakafu iwe ya zege, iteremke sentimita 2 au 3 kwa kila mita kuelekea mfereji wa mkojo. Ikiwa bapa, mkojo unatuama na kwato zinaoza. Ikiinama sana, mnyama anateleza. Kwenye jabali usihangaike kuchimba shimo: jenga kizimba cha mawe na saruji, mita 1.5 kwa 1.5, kimo mita 1, na ukiezeke. Kwa ng'ombe mmoja kitajaa baada ya miezi mitatu hivi, basi tafuta mapema mwenye bustani wa kuichukua. Bila paa, mvua moja ya masika huikokota yote barabarani. Zoa banda kila siku na ufunike rundo. Kwenye joto letu yai la nzi huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10.

Kuku ni wepesi zaidi: wa kienyeji watano kwa mita moja ya mraba, na chanjo ya kideri ya matone ya jicho kila miezi mitatu. Farasi hatumshauri mtu wa kiwanja cha kawaida. Anahitaji uwanja wa kutembea, na maradhi yanayoenezwa na mbung'o na visubi humwangusha upesi.

Nyuki wetu wanaouma ni wakali, hawafai katikati ya nyumba. Mizinga yao ipeleke shambani, angalau mita 200 kutoka makazi na njia. Uani weka nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo, lakini watoto wanacheza kwa amani. Kule shambani, vuna jua likishazama, na mchana wake waambie majirani wafungue mbuzi na punda waliofungwa kamba karibu. Nyuki wakichachamaa, mnyama wa kamba hana pa kukimbilia.