Namna ya kuwasimulia watoto habari za kima na tumbili mpaka wagome kulala

Mwanangu wa miaka saba aliniuliza swali moja la hatari tukiwa msitu wa Jozani pale Unguja, eti mama mbona hawa kima hawaning'inii kwa mkia kama wa kwenye katuni? Nikababaika. Kumbe jibu ni rahisi tu: kima wa Afrika hakuna hata mmoja anayeweza kujining'iniza kwa mkia, wanaoweza ni baadhi ya wale wa Amerika ya Kati na Kusini, na hao katuni ndo walikowatoa. Huku kwetu mkia ni wa kujisawazisha tu wakati wa kuruka. Sasa toka siku ile nimekuwa nikikusanya vitu vya kuwaambia watoto na nimegundua ukiwapa kama somo wanasinzia, ila ukiwafanyisha wenyewe hawasahau. Kwa hiyo nawapa ninavyofanya mimi.

Anza na majina maana hapo hata sisi wakubwa tunachanganya. Kila chenye mikono na manyoya tunaita nyani, basi. Waambie nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa anayeshinda chini barabarani, tumbili au ngedere ni yule mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi, mbega ni yule wa nywele ndefu nyeusi na nyeupe kama kavaa kanzu, kima punju ni wale wekundu wa Unguja. Sokwe umtoe kabisa kwenye kundi, mwambie mtoto atafute mkia, hana! Hiyo ndo njia ya haraka. (Ukiwa na bahati mbaya watakuuliza na ule msemo wa nyani haoni kundule, hapo jitetee mwenyewe.)

Haya, mchezo wa kwanza na ndo wanaoupenda zaidi kwangu. Tumbili wana milio tofauti ya kuonyana kuhusu adui, watafiti waliwasikiliza hifadhi ya Amboseli kule Kenya wakatoa matokeo mwaka 1980, yaani walirekodi ile milio alafu wakaipiga kwenye spika wakati hakuna mnyama yeyote karibu, na tumbili wakafanya vilevile kama adui yupo. Mlio wa chui, wote juu ya mti. Mlio wa tai, wanaangalia juu na kukimbilia vichakani. Mlio wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili wanachungulia majani. Sasa chukua watoto, wewe uwe mlinzi, ukisema CHUI wanapanda kwenye kochi (au stuli, kama kochi lako ni jipya), ukisema TAI wanaangalia juu na kuingia chini ya meza, ukisema NYOKA wanasimama kwa vidole kuangalia chini, atakayekosea kaliwa, anatoka. Baada ya raundi tatu acha kusema maneno, tunga milio mitatu mkubaliane, hapo ndo vicheko.

Na kuna kitu kitamu zaidi hapo, watoto wa tumbili nao wanakosea! Katoto kadogo kanaona ndege asiye na madhara yoyote, saa nyingine jani tu linadondoka, kanapiga kelele za tai. Wakubwa wanaangalia juu, wanaona hakuna kitu, wanaendelea na shughuli zao. Binti yangu alivyosikia hiyo alifurahi sana, naona alijiona yeye.

Mchezo wa pili unahitaji kitambaa na chungwa. Mbega na kima punju hawana kidole gumba, kimebaki kikonyo tu. Mfunge mtoto kidole gumba kwenye kiganja, usikaze, alafu mwambie amenye chungwa. Atahangaika weeee. Ndo umuulize, sasa mbega anaishije? Anaishi vizuri sana maana vidole vinne virefu vinakuwa kama kulabu za kushikia matawi akiwa anaruka, gumba lingemzuia tu.

Ya mkaa usiiache. Kima punju wanakula mkaa, ule ule wa kupikia! Wanaokaa karibu na mashamba ya watu wanakula majani ya mwembe na mkungu, na majani hayo yana kemikali zinazosumbua tumbo, mkaa unazinasa. Wangu mmoja alitaka kuonja, kwa hiyo fungia gunia kwanza ndo uhadithie. Tena tumbo lao limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, kazi yake kuchachusha majani, matunda mabivu yanawavuruga, ndo maana ile habari ya kumpelekea ndizi kila kima si wema hata kidogo.

Vingine vya kutupia tu mkiwa kwenye gari: mtoto wa mbega anazaliwa mweupe pee na uso wa pinki, rangi nyeusi inakuja baadaye akifikisha kama miezi mitatu. Nyani na tumbili wana mifuko ndani ya mashavu, wanajaza chakula fasta wakakile mbali. Dume la tumbili korodani zake ni za buluu, buluu kweli kama sare ya shule, ukisema hii jua safari nzima hamtaongea kingine. Na kipunji, kima wa milima ya Rungwe kule Mbeya, Wanyakyusa walikuwa wanamjua na jina wamempa, wanasayansi wakaja kumwona 2003 na kumtangaza 2005. Anabweka kama honi.

Ukiwapeleka kuwaona live, Jozani ni rahisi kwa sababu kuna makundi yaliyozoea watu, hutembei sana. Nenda asubuhi au jioni jioni, mchana jua kali nao wanapumzika. Mi nawahesabia watoto hatua tano, hakuna kusogea zaidi, na mwenye mafua anabaki nyumbani maana magonjwa yetu yanawapata. Chakula kisionekane kabisa, hata bisi. Na hii wafundisheni kabla hamjatoka: usimkazie macho, na usimchekee kwa meno. Nyani akitoa meno hachekelei, anatisha au anaogopa, sasa wewe ukimchekea kwa ajili ya selfii yeye anasoma kingine kabisa. Kwa wanaopita hifadhi ya Mikumi kwenda Iringa, vioo juu, usirushe ndizi, wale nyani wa barabarani wamezoea hivyo hivyo mpaka wanagongwa na malori.

Jioni mkirudi kama mko sehemu yenye minazi, zima taa, kaeni kibarazani kimya. Ile sauti kama mtoto mchanga analia mtini ni komba, yule tunayesema mlevi kama komba kwa sababu anafuata tembo kwenye vibuyu vya wagema. Huyo si kima, ni ndugu wa mbali wa kima, na macho yake ni makubwa balaa. Mpe mtoto tochi amulike polepole kwenye matawi, akiona vitaa viwili vya rangi ya chungwa vinamwangalia, amempata.